Argwings-Kodhek: Wakili aliyeipa kisogo ofisi ya Mwanasheria Mkuu

Chukulia ni wewe. Mwaka ni 1952. Uliondoka Kenya 1947, ukasoma Uingereza mpaka ukakubaliwa kuwa wakili katika Lincoln's Inn, London, na sasa umerudi Nairobi na vitabu vyako. Mahakamani kuna mawakili Wazungu na mawakili Wahindi. Mweusi kama wewe hakuna. Lakini una bahati, ama ndivyo watu wa kwenu wanavyodhani: nafasi ipo katika ofisi ya Mwanasheria Mkuu, ile ofisi inayowapeleka watu kortini kwa niaba ya Malkia. Kazi ya serikali, bwana. Meza, mshahara kila mwisho wa mwezi, na pensheni ikikungoja uzeeni.

Halafu unauliza ni pesa ngapi. Unaambiwa kiasi, na unajua kabisa kwamba Mzungu mwenye cheti kama chako, atakayekaa meza ya pili, anapata zaidi. Si karani aliyekosea hesabu. Ulikuwa utaratibu wa serikali, umeandikwa na kupigwa muhuri. Tume ya Holmes, iliyotoa ripoti yake 1948, ilipendekeza Mwafrika na Mhindi walipwe sehemu tatu kwa tano za mshahara wa Mzungu kwa kazi ile ile. Yaani yeye akipata shilingi mia, wewe sitini. Kazi moja, cheti kimoja, hata kesi moja ukipenda.

Ungefanyaje? Usijibu haraka. Nyumbani kuna watu waliokuwa wakihesabu siku za kurudi kwako, na nafasi nyingine ya wakili Mwafrika katika serikali hiyo haikuwepo.

C.M.G. Argwings-Kodhek aliipa kisogo ofisi hiyo akaenda kufungua yake mwenyewe mjini Nairobi. Ndiye wakili wa kwanza Mwafrika kufanya kazi hiyo kwa kujitegemea humu nchini. Alikuwa hajafikisha miaka 30.

Sitaki kumfanya malaika. Ukisoma habari zake utakuta watu wanaosimulia kana kwamba alirudi Kenya tayari amekata shauri kutetea wanyonge. Mambo hayakuanzia hapo. Yalianzia kwenye mshahara, jambo ambalo wewe uliyewahi kulipwa nusu ya mwenzako kwa zamu ile ile utalielewa bila kufafanuliwa. Alikataa kudharauliwa. Hayo ya kutetea wengine yalikuja baada ya mlango kufungwa, na yalikuja kwa kasi ambayo hakuna aliyeitarajia.

Kwanza tumjue kidogo. Alizaliwa 1923 huko Gem, katika sehemu ambayo leo ni kaunti ya Siaya. Ile C katika jina lake ilikuwa ya Clement, jina la kanisani, ingawa baadaye herufi zote tatu zikapewa maneno ya Kijaluo, Chiedo More Gem, na kwao ndivyo walivyopenda kumwita. Alipitia Makerere, akawa mwalimu, kisha akaenda Wales na baadaye London. Mwafrika kusomea sheria halikuwa jambo lililowafurahisha wakoloni. Mwalimu walimtaka, daktari msaidizi walimtaka, afisa wa kilimo pia. Mtu wa kusimama kortini na kumuuliza afisa wa polisi maswali magumu, huyo walikuwa hawamtafuti.

Alirudi pia na mke, Mzungu kutoka Ireland. Sasa hebu kumbuka Nairobi ya wakati huo ilivyogawanywa. Wazungu walikaa upande wa juu, wenye miti na upepo mzuri. Wahindi Parklands, Ngara na mitaa ya karibu. Waafrika Eastlands: Pumwani, Kaloleni, Shauri Moyo, Bahati. Mume wa Eastlands na mke wa upande wa juu wakae wapi? Mipango ya mji haikuwa na jibu la swali hilo, kwa sababu haikutazamia kwamba litaulizwa. Kabla hajamtetea mtu yeyote, wakili huyu alikuwa tayari anaishi ndani ya kesi yake mwenyewe.

Kisha ikaja tarehe 20 Oktoba 1952. Gavana Evelyn Baring alitangaza hali ya hatari, na usiku huo Jomo Kenyatta na wenzake wengi wakakamatwa.

Hapo ndipo ile meza iliyokataliwa inapopata maana nyingine. Kesi ya Kapenguria ilipoanza mwishoni mwa mwaka huo, aliyeongoza mashtaka dhidi ya Kenyatta alikuwa Anthony Somerhough, mtu wa ofisi ile ile ya mashtaka ya serikali. Jaji Ransley Thacker, aliyesikiliza kesi na kumhukumu Kenyatta miaka saba, alipewa na serikali pauni 20,000 pembeni. Kila aliyekuwa na ajira katika ofisi ya Mwanasheria Mkuu miaka hiyo alifanya kazi ya vita, atake asitake. Argwings-Kodhek angekubali zile shilingi sitini kwa mia, huenda angejikuta amesimama Nyeri au Githunguri akimwomba jaji amnyonge kijana wa rika lake. Badala yake alisimama upande wa pili wa chumba.

Na chumba chenyewe kilikuwaje? Hapa tutulie kidogo, maana shuleni hupitwa mbio.

Baada ya mauaji ya Lari ya Machi 1953, serikali ilianzisha mahakama maalumu za hali ya hatari ili kesi za Mau Mau ziende upesi. Ile hatua ya awali, ambapo hakimu huupima ushahidi kabla kesi haijafika kwa jaji, ikaondolewa. Hakukuwa na baraza la wananchi la kuamua, isipokuwa jaji na wazee watatu wa kumshauri, na ushauri wao hakulazimika kuufuata. Orodha ya makosa yenye adhabu ya kifo ikarefushwa. Kuua, bila shaka. Lakini pia kukutwa na bunduki. Kukutwa na risasi, hata moja. Kulisha watu kiapo. Kuonekana pamoja na watu wenye silaha. Soma tena hilo la mwisho. Kijana akipita njia moja na wapiganaji, kwa hiari au kwa kulazimishwa, angeweza kufia hapo.

Watu 1,090 walinyongwa katika vita hivyo kwa hukumu za mahakama. Chini ya nusu yao ndio waliopatikana na hatia ya mauaji. Hakuna koloni jingine la Uingereza lililonyonga watu wengi kiasi hicho katika vita vya kudai uhuru. Serikali ilikuwa hata na mti wa kunyongea uliobebeka, wa kusafirishwa kutoka mahali hadi mahali.

Ndani ya hali hiyo, wakili wa utetezi angefanya nini? Usifikirie hotuba za kwenye filamu. Mshtakiwa wa kawaida alikuwa mkulima au kibarua aliyekamatwa usiku. Kesi iliendeshwa kwa Kiingereza, yeye akisikiliza kupitia mkalimani. Ushahidi dhidi yake mara nyingi ulikuwa wa aina mbili: mtu aliyesema alimtambua gizani, au maungamo yaliyotiwa kidole gumba kituo cha polisi. Kwa hiyo kazi ya wakili ilikuwa kuuliza vitu vidogo vidogo. Kulikuwa na mwezi? Ulikuwa umbali gani? Risasi hiyo ilipatikana mfukoni au chini, na nani aliyeiona kwanza? Huyu alipoletwa alikuwa na majeraha? Daktari alimwona siku gani? Jibu moja likiyumba, mtu anaweza kurudi nyumbani. Yote yakisimama, anapelekwa kwenye kitanzi, na rufaa ilikuwa inachukua muda mfupi kuliko unavyosubiri pasipoti leo.

Mawakili wengi waliobeba kesi hizo walikuwa Wahindi, na jambo hili tunalisahau sana. Kina Achhroo Kapila na Fitz de Souza walikuwa Kapenguria. Wengine wengi walizunguka mahakama za mikoani bila jina lao kuandikwa kokote. Mshtakiwa maskini aliyekabiliwa na kifo alipangiwa wakili na mahakama kwa malipo madogo mno, na wakati mwingine wakili alimwona mteja wake kwa mara ya kwanza muda mfupi kabla kesi kuanza. Argwings-Kodhek alikuwa mmoja wao, lakini alikuwa na kitu ambacho wao hawakuwa nacho: mshtakiwa alimtazama akaona Mwafrika amevaa joho. Tena Mjaluo. Serikali wakati huo ilikuwa ikijitahidi kuwaeleza Waafrika wengine kwamba hii ni fujo ya Wakikuyu pekee, kila kabila lishike lake. Basi mtu wa Gem anaingia kortini kumpigania mtu wa Kiambu. Hata kabla hajafungua mdomo, tayari amejibu sehemu ya propaganda.

Ilikuwa na gharama. Kutembea kwenyewe kulitaka vibali. Mteja wa wakili wa aina hiyo hana pesa, ndugu zake wako kambini, shamba lake limechukuliwa. Na polisi wanaomtetea mtu wanamchunguza nani? Samahani, nimegeuza: polisi hawamtetei mtu, wanamchunguza anayetetea. Wakili wa Mau Mau alionekana kuwa nusu Mau Mau.

Siku hizi kazi ya namna hii tunaiita uwakili wa maslahi ya umma, na ina msingi katika Katiba ya 2010. Kifungu cha 22 kinakuruhusu wewe, hata kama hujaumizwa mwenyewe, kwenda kortini kwa niaba ya mtu asiyeweza kujitetea au kwa maslahi ya umma. Kifungu cha 50 kinamtaka serikali impe mshtakiwa wakili pale ambapo bila wakili haki ingepotea vibaya. Tuna hata Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016. Mwaka 1953 hakukuwa na lolote kati ya hayo. Ulikuwa na joho, sauti, na kitabu cha sheria kilichoandikwa na yule unayepambana naye.

Nikupe mfano wa njia ya pili, ili usidhani kulikuwa na njia moja tu ya mtu mwenye akili. Charles Njonjo alirudi kutoka masomoni London miaka michache baadaye, akaingia kazi ya sheria serikalini, akapanda ngazi, na nchi ilipopata uhuru 1963 akawa Mwanasheria Mkuu. Wakati huo ule utaratibu wa tatu kwa tano ulikuwa umeshaondolewa baada ya ripoti ya Tume ya Lidbury ya 1954. Miaka miwili tu baada ya mwenzake kukataa! Kwa hesabu za pesa na madaraka, unaweza kusema Argwings-Kodhek alikosa subira. Njonjo alidumu katika kiti hicho zaidi ya miaka 15 na akawa miongoni mwa watu wenye nguvu zaidi Kenya. Mimi naona hesabu hiyo ina kasoro moja. Haihesabu kati ya 1952 na 1954, na ni katika miaka hiyo kitanzi kilikuwa na kazi nyingi.

Tarehe 24 Aprili 1954 jeshi liliizingira Nairobi. Operesheni Anvil. Maelfu kwa maelfu ya Wakikuyu, Waembu na Wameru walikusanywa mtaa kwa mtaa, wakapangwa foleni, wakapakiwa kwenye malori na magari moshi kuelekea kambi za Langata, Manyani na Mackinnon Road. Hawa hawakupelekwa kortini hata kidogo. Wakili hana la kufanya mahali ambapo hakuna kesi. Sijui kama wewe unaliona kama ninavyoliona, lakini nadhani hapo ndipo mwanasheria yeyote mwenye macho angeanza kufikiria siasa.

Chama cha KAU kilikuwa kimepigwa marufuku 1953. Serikali ilipolegeza kamba 1955 iliruhusu vyama vya wilaya tu, kila mtu na wilaya yake, wasije wakaungana. Argwings-Kodhek akaanzisha Nairobi District African Congress. Na uchaguzi wa kwanza wa Waafrika kuchagua wabunge wao ulipofika Machi 1957, viti vikiwa vinane kwa nchi nzima, akagombea Nairobi.

Mpinzani wake mkuu alikuwa kijana wa miaka 26 aliyetoka kusoma Oxford, kiongozi wa vyama vya wafanyakazi, mtanashati, mwenye ulimi. Tom Mboya. Nairobi ilikuwa na wafanyakazi wengi na Mboya alijua kuwapanga. Wakili akashindwa, na kura hazikupishana sana.

Lakini ngoja uangalie nani alipiga kura. Haikuwa kila mtu mzima. Ulihitaji kiwango fulani cha elimu, au mapato, au mali, na mwenye sifa nyingi aliweza kupewa hadi kura tatu. Zaidi ya hayo, Mkikuyu, Mwembu au Mmeru alihitaji cheti cha kuthibitisha kwamba alikuwa mtiifu kwa serikali wakati wa vita. Wengi wao hata hawakuwa mjini tena, Anvil ilikuwa imewafagia. Sasa fikiria mgombea huyu. Watu aliowasimamia kortini, na baba zao, na kaka zao, na majirani zao, ndio hao hao waliofutwa kwenye daftari la wapiga kura. Kama angekaa katika ofisi ya serikali akawashtaki, kura zake zisingepungua hata moja kwa sababu hiyo. Siwezi kukuambia matokeo yangekuwa mengine wao wangepiga kura. Mboya alikuwa mwanasiasa hodari na hakuiba kitu. Nasema tu kwamba uchaguzi huo ulipangwa na watu waliojua wanamfungia nani nje.

Miaka iliyofuata nitaipitia haraka, si kwa sababu haina habari, ila ni habari za mtu mwingine kidogo. Mwaka 1963 watu wa Gem walimpeleka bungeni. Jaramogi Oginga Odinga alipotoka KANU na kuunda KPU mwaka 1966, Argwings-Kodhek alibaki upande wa serikali, jambo ambalo nyumbani Nyanza halikuwa rahisi kulieleza. Akapanda hadi uwaziri, akasimamia mambo ya nje. Yule aliyekataa kiti cha serikali ya mkoloni sasa alikuwa amekaa katika serikali ya Kenyatta, mtu ambaye ofisi ile aliyoikataa ndiyo iliyomfunga. Wapo waliomlaumu kwa kutomfuata Jaramogi. Wapo waliosema ni haki yake. Serikali hiyo, naye akiwa ndani, iliendelea kutumia sheria za kumzuilia mtu bila kesi, na sioni sababu ya kukuficha hilo.

Tarehe 29 Januari 1969 usiku, gari lake lilipata ajali katika Hurlingham Road, Nairobi. Alifariki akiwa na umri wa miaka 45 au 46. Taarifa rasmi ilisema ajali ya barabarani. Wengi hawakuamini, na minong'ono haijawahi kuisha, hasa kwa sababu mnamo tarehe 5 Julai mwaka huo huo Tom Mboya, yule aliyemshinda 1957, alipigwa risasi katikati ya jiji. Miezi mitano na siku chache, wanaume wawili waliowahi kugombania kiti kimoja. Katikati ya vifo hivyo ulifanyika uchaguzi mdogo wa Gem, na kiti chake kikachukuliwa na Wasonga Sijeyo wa KPU. Kabla mwaka kwisha chama hicho kilikuwa kimepigwa marufuku na viongozi wake kutiwa kizuizini.

Hurlingham Road ilibadilishwa jina. Ukitoka mjini kwa matatu ya Kawangware inayopanda Valley Road kuelekea Yaya, unapita juu yake. Makanga hana muda wa jina refu. Anasema Argwings, na mtu anayeshuka anagonga bati.